Barua zetu zinaishia kwenye spamu, na sababu naijua mimi na binami yangu tu

Assalaam aleikum mshauri,

Mimi ni msichana wa miaka 28, mzaliwa wa Mombasa. Nakuandikia nikiwa dukani, Ami ameenda kuswali Adhuhuri, na nataka nimalize kabla hajarudi.

Ami ni ndugu mdogo wa marehemu babangu. Baba alipofariki, yeye ndiye aliyenisomesha. Nilipomaliza chuo nikakaa mwaka mzima bila kazi, akanichukua kwenye duka lake la leso na vikoi hapa Biashara Street. Upande wa mtandaoni wa duka niliuanzisha mimi: tunatuma vikoi na leso Ulaya, Marekani na Afrika Kusini.

Kwenye kaunta pana daftari la jalada gumu. Mgeni akinunua kitu namuuliza kama angependa tumwandikie mzigo mpya ukifika. Akitaka, anaandika mwenyewe jina na barua pepe yake. Usiku nayaingiza kwenye kompyuta. Mengine hayasomeki, jasho la mkono limepaka wino, na mimi nakaa na herufi moja nikijiuliza kama ni a au ni o. Kwa miaka minne nimekusanya watu 2,300 kwa njia hiyo. Nawaandikia mara moja kwa mwezi, asilimia 60 wanafungua, na hakuna mwezi tuliokosa oda.

Mwaka huu masika ilitukalia vibaya. Mwezi wa Mei kulikuwa na siku tunafunga duka hatujauza hata doti moja. Ndipo binami yangu, mtoto wa Ami, akaleta flashi yenye majina na barua pepe za watu 14,200. Anafanya kazi mapokezi kwenye hoteli moja ya ufukweni. Babake alimwambia amezipata kwa jamaa wa mambo ya utalii. Mimi alinivuta kando akaniambia kweli: amezinakili kwenye kompyuta ya hotelini, ni wageni waliolala pale. Nilimwambia hili si jambo zuri. Akanijibu, "Kwani nimeiba nini? Ni majina tu." Ami akasema tuma. Usiku wa Jumatatu ya kwanza ya Julai, nikatuma.

Asubuhi nikafungua ripoti. Barua 1,900 zilikuwa zimerudi. Watu 61 wameturipoti kuwa ni spamu. Wengine walijibu kwa hasira, na mmoja aliandika: "Anwani hii nilimpa mtu mmoja tu. Ninyi mmeipata wapi?" Nilipoitazama anwani yenyewe, katikati ilikuwa na alama ya kujumlisha na baada yake jina la ile hoteli. Nikadhani amekosea kuandika. Mchana, kampuni tunayoitumia kutuma barua ikaifunga akaunti yetu kwa siku tano.

Akaunti ilifunguliwa, lakini mambo hayakurudi yalivyokuwa. Sasa hata risiti za watu waliokwisha lipa zinaenda kwenye spamu. Kuna mama mmoja wa Hamburg, ni mtu wa daftari letu, alilipia vikoi 40 vya duka lake. Risiti na namba ya kufuatilia mzigo hakuziona. Siku ya tisa akapiga simu ya Ami mwenyewe, anafoka, anaamini tumemla pesa zake. Ami Kiingereza chake ni cha kuulizana bei. Alinipa simu bila kuniangalia.

Nimejaribu ninayoyajua. Nimeondoa neno "bure", nimeondoa neno "ofa", nimepunguza picha, nimeacha herufi kubwa. Hakuna kilichobadilika. Ami anawaambia watu wanaopita dukani kwamba mitambo yangu imeharibika. Na amepata fundi anayetaka shilingi 35,000. Huyo anasema atanunua domeni kumi (yale majina ya mtandaoni yanayokuja baada ya alama ya @) zinazofanana na yetu, awatumie wale watu wote 14,200 kidogo kidogo mpaka vichujio vya spamu vizoee. Pesa Ami ameshaziweka kando.

Binami ananiomba kila siku ninyamaze. Mkewe ana mimba ya miezi saba, na hoteli ikijua hana kazi. Mimi nimekaa katikati yao nachomeka.

Ami si mtu mbaya, nisije nikamdhulumu. Mwaka juzi niliagiza doti 200 za leso, na jina lililochapishwa likawa na kosa la herufi, kosa langu. Alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu akaziuza kwa bei ya chini, na mpaka leo hajanitajia. Lakini lile lilikuwa kosa la herufi. Hili ni mtoto wake.

Nimwambie ukweli? Niyafute yale majina kimya kimya? Nimwache fundi afanye kazi yake? Kuna usiku nafikiria niache kazi tu, niende zangu.

Niliyebonyeza, Mombasa

Waaleikum salaam mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Nilipofika pale Ami alipokupa simu bila kukuangalia, ilinibidi niiweke chini kwanza. Naamini hapo ndipo panapokuuma kuliko hizo barua zilizorudi.

Nikuelewavyo, una mafundo mawili yaliyosokotana. Moja ni la barua zisizofika. La pili ni la neno unalolijua na Ami halijui, naye anajiandaa kutoa pesa zake juu ya jambo hilohilo. Unatafuta jibu moja litakaloyafungua yote mawili kwa mpigo. Sina hakika lipo. Wacha tuyashike moja moja.

Nianze na mitambo. Kwa upande huu nilikaa na kijana ambaye kazi yake ya kila siku ni seva za barua, nikamwuliza mpaka nikaelewa. Mitambo yako haijaharibika, inafanya kazi yake sawasawa. Umeondoa neno "bure" na "ofa", na sikulaumu, maana wengi bado wanaamini hivyo. Miaka ya mwanzo ya 2000 vichujio vingi vilikuwa vikihesabu maneno ya barua na kukisia kama ni taka. Leo maneno ni sehemu ndogo ya hesabu. Kinachotazamwa zaidi ni mtumaji: kama kweli ni yeye anayedai kuwa, na watu waliopokea barua zake huko nyuma walizifanya nini. Walizisoma? Walijibu? Walizifuta bila kuzifungua? Walizitoa kwenye spamu wakazirudisha ndani, au wao ndio waliozitupa huko?

Wewe ni mtoto wa Mombasa, nyumba za Mji wa Kale unazijua. Mgeni asiyejulikana haingii mpaka sabuleni. Anabisha hodi, anakaa kwenye baraza la daka, na mwenye nyumba ndiye anayeamua kama atakaribishwa ndani. Ninyi usiku mmoja mlibisha hodi kwenye milango 14,200 ya watu wasiowajua. Wengi hawakuitika, wengine walikuwa wamehama zamani, na wengine wakaita mlinzi. Mlinzi akaliandika jina la duka lenu, na kesho yake ulipokuja na risiti ya mama wa Hamburg, jina alilolikuta kwenye orodha yake ni lilelile.

Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo wanadai mambo haya waziwazi kwa wanaotuma kwa wingi, na Gmail inakuweka kwenye kundi hilo ukifikisha kama barua 5,000 kwa siku kwenda kwa watu wake. Domeni yako ipitishwe na SPF na DKIM, na iwe na DMARC. SPF inasema ni seva zipi zina ruhusa ya kutuma kwa jina lako. DKIM ni kama muhuri unaoonyesha barua haikuguswa njiani. DMARC inamwambia mpokeaji afanye nini na barua inayotumia jina lako bila kupita ukaguzi. Barua ya matangazo iwe na njia ya kujiondoa kwa kubonyeza mara moja, na aliyejiondoa asitumiwe tena baada ya siku 2. Halafu malalamiko: yasifike asilimia 0.3, yaani watu 3 katika kila 1,000, na wao wanashauri yabaki chini ya 0.1.

Sasa chukua namba zako. Toa zile 1,900 zilizorudi, zinabaki 12,300. Walalamikaji 61 katika hao ni karibu 5 kwa kila 1,000. Na Gmail haimwambii mtumaji ni mtu gani aliyelalamika, kwa hiyo hao 61 yawezekana sana ni wa kampuni nyingine za barua tu. Google wana huduma ya bure iitwayo Postmaster Tools. Iunganishe na domeni yenu, uone kiwango cha malalamiko upande wao kwa macho yako badala ya kukisia.

Jambo jingine, na hili nalisema polepole. Unasema asilimia 60 walikuwa wakifungua. Namba hiyo usiiegemee sana. Tangu 2021 programu ya barua ya Apple huweza kuvuta picha za barua yenyewe kabla mtu hajaisoma, na mtumaji anaona imefunguliwa. Tazama waliokujibu na walionunua. Umesema hakuna mwezi uliokosa oda. Hilo ndilo lililo kweli kwenye daftari lako, nalo bado unalo. Wale watu 2,300 waliandika kwa mikono yao wenyewe, mbele yako.

Nije kwenye ile anwani yenye alama ya kujumlisha. Hapo moyo wangu uligutuka. Mwanangu, yule mtu hakukosea kuandika. Gmail na baadhi ya huduma nyingine zinamruhusu mtu aongeze alama ya kujumlisha na neno lolote baada ya jina lake, na barua bado ikamfika. Wapo wanaofanya hivyo makusudi: wakimpa duka barua pepe wanaongeza jina la duka, wakimpa hoteli wanaongeza jina la hoteli, ili siku ikivuja wajue imevujia wapi. Kwa hiyo alipokuuliza mmeipata wapi, jibu alikuwa nalo tayari.

Wewe umeishika siri hii kama kitu kilicho kati yako na binami yako. Nakuuliza kwa upole: je, bado ni siri? Mgeni yule anaweza kuiandikia hoteli leo. Anaweza kupeleka malalamiko kwa Kamishna wa Data pia. Sheria yetu ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ridhaa ya mtu, au ruhusa nyingine ya sheria, kabla ya kuzitumia taarifa zake kwa biashara, na faini inaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka, iliyo ndogo kati ya hizo. Hoteli nayo, ikijua kwamba taarifa za wageni wake zimechukuliwa na kuna hatari ya kweli kwao, inatakiwa imwarifu Kamishna ndani ya saa 72. Sikuandikii haya kukutia hofu. Nataka uone kwamba huenda si wewe pekee utakayechagua siku ya jambo hili kujulikana. Hata saa moja na wakili, kabla ya hatua yoyote, ingekusaidia kujua duka limesimama wapi.

Na duka ni la Ami. Jina lililotumwa kwenye zile barua ni lake. Binami anakuomba unyamaze ili yeye asalimike, na wewe unaona ukinyamaza utamkinga Ami na uchungu wa mtoto wake. Lakini kwa sasa Ami ndiye mtu pekee kati yenu watatu anayeamua mambo bila kujua alichokishika. Sijui utalipima vipi hilo. Nimeona tu halimo kwenye barua yako.

Kuhusu fundi, hapa nina maoni na sitayaficha. Domeni kumi za kusambaza barua hizohizo ni ujanja wa miaka mingi, na wanaotunza vichujio wanaujua. Domeni mpya inaanza bila sifa yoyote, na zikija kumi pamoja na ujumbe mmoja, zinatiliwa shaka zaidi. Tena majina yanayokaribia jina la duka ndiyo wanayotumia matapeli. Mfikirie mama wa Hamburg, ambaye tayari anaogopa ametapeliwa, apokee barua kutoka kwa jina linalofanana na lenu lakini si lenu. Katika orodha kongwe kama ile mara nyingi kuna pia mitego: anwani zilizoachwa na wenyewe, zikafufuliwa ili kunasa wanaotuma bila kualikwa. Mashirika kama Spamhaus huzitumia kujaza orodha zao za kuzuia. Fundi anaweza kufaulu kwa siku chache. Akifaulu, atakuwa amewafikishia barua watu walewale ambao hawakuziomba.

Kuyafuta majina kimya kimya nako nimekuwaza. Utapumua siku hiyo, naamini. Lakini flashi bado anayo binami, na Ami atauliza orodha imeenda wapi. Halafu wale waliokuomba uwaondoe unahitaji kubaki na anwani zao kwenye orodha ya wasiotumiwa, la sivyo siku moja watarudi kwa bahati mbaya. Na ikiwa malalamiko yameshafika mahali, kufuta bila kumwambia mtu kunaweza kusomeka kama kuficha. Ndiyo maana nimetaja wakili kabla.

Unaweza pia kumweleza Ami upande wa barua peke yake: kwamba majina yale ndiyo yaliyoharibu jina la duka, na domeni kumi zitaongeza jeraha. Hayo ni kweli tupu, na yanaweza kuziokoa zile 35,000 wiki hii. Ila Ami ni mfanyabiashara wa miaka mingi. Swali lake la pili litakuwa, "Kwani huyu kijana aliyatoa wapi?" Lifikirie jibu lako kabla hujakaa naye, maana kuondoka hapo umemdanganya usoni kutakugharimu zaidi ya ulichonyamazia mpaka sasa.

Wengine wangeanza na binami. Ukae naye, umweleze ile alama ya kujumlisha maana yake nini, na umpe siku chache aende kwa babake mwenyewe. Kuna heshima ndani yake, kwa sababu neno la mtoto kumwambia mzazi si lako kulibeba. Hatari yake ni kwamba anaweza kwenda mapema na hadithi yake, wewe ukatokea ndiye uliyetuma bila kuambiwa chochote. Kama unaliogopa hilo, mtafuteni mtu mzima akae nanyi. Mke wa Ami, kwa mfano, hukumtaja hata mara moja. Je, yeye ni mtu wa kusikilizwa nyumbani?

Kuhusu kumwambia Ami mwenyewe, wewe ndiye uliyeniletea habari za doti 200. Umeziandika kisha ukazifunika haraka: "lile lilikuwa kosa la herufi." Kweli, hili ni zito kuliko lile, na anaweza asinyamaze siku mbili tu. Anaweza kukukasirikia wewe kwa sababu kumkasirikia mwanawe kunamuuma zaidi, na hilo litakuwa dhuluma utakayoibeba kwa muda. Lakini mtu aliyeuza leso zenye kosa bila kukutajia kwa miaka miwili, wewe unamjua kuliko mimi.

Ukiondoka kazini sitakuona mwoga. Ninachokuomba ni utenganishe kuondoka kwa sababu umechoka na kuondoka ili usiwepo siku ya swali.

Umejitia sahihi "Niliyebonyeza". Nimeiona. Ulijua si jambo zuri, ukasema, kisha mkono ukabonyeza kwa sababu aliyekuambia ni mtu aliyekulea. Sehemu yako ipo na unaijua, sitaiongeza wala kuipunguza. Ukimwendea Ami, unaweza kuanza na hiyo, ile iliyo yako, kabla ya kufika kwa mwenzako.

Wakati unawaza, barua zenyewe zinaweza kuanza kutibiwa bila kumgusa mtu. Simamisha matangazo yote kwa sasa. Mwombe anayewauzia domeni akague SPF, DKIM na DMARC pamoja nawe, msikisie. Risiti na namba za mizigo zitoke kwenye tawi lake la domeni, mbali na matangazo. Utakaporudi kuandika, anza na walionunua miezi sita iliyopita, mamia machache tu, uwakumbushe kwamba walijiandika wenyewe kwenye daftari la dukani, na uwaulize kitu kinachotaka jibu: wanapenda rangi gani za vikoi msimu huu? Mtu akikujibu, au akikutoa kwenye spamu, anakuombea kwa mlinzi. Jina jema litarudi kwa wiki kadhaa za namna hiyo, si kwa siku.

Mama wa Hamburg usimwandikie barua pepe. Mpigie simu leo, saa zake za mchana, umsomee namba ya mzigo tarakimu moja moja mpaka aiandike, na umwombe aiangalie folda yake ya spamu mkiwa bado mnaongea. Ami akiwa karibu, mwache asikie. Halafu niandikie tena uniambie kama vikoi vyake 40 vilimfika.

Mshauri wako